Muswell Hill: Kilima cha Kiwanuka na Majirani Wake wa Barawa



Ukurasa huu wa safari umezoea kukupelekeni mbali: Maskati, Moroni, Istanbul, na mara nyingine nyumbani kwenyewe. Safari hii hatukuvuka bahari wala hatukuhitaji pasi. Tulipanda basi namba W7 kutoka Finsbury Park, kaskazini mwa London, na baada ya takriban robo saa tulikuwa juu ya kilima. Tuliondoka familia tatu, wazazi na watoto, na vyakula vyetu katika vikapu kama ada yetu ilivyo. Lengo la ziara lilikuwa kukiona kitongoji alikokulia Michael Kiwanuka, mtoto wa wazazi wa Uganda, ambaye albamu yake ya kwanza, Home Again, yaani Nyumbani Tena, ilitoka mwezi Machi 2012 na kusikika katika nyumba nyingi za nchi hii, na zetu baadhi yao zimo.

Twajua vyema kwamba wamo miongoni mwetu wasiosikiliza gitaa, na wana hoja zao tunazoziheshimu. Hata hao tunawaomba wavumilie wasome mpaka mwisho, kwa sababu kilima hiki kina habari inayowahusu wao kuliko inavyomhusu mpenzi yeyote wa muziki.

Muswell Hill haina kituo cha treni. Ilikuwa nayo zamani. Njia ya reli ilijengwa mwaka 1873 kuwafikisha watu kwenye jumba la Alexandra Palace lililo jirani, ikachukua abiria mpaka mwaka 1954, kisha ikafungwa. Leo njia ile ni ya waenda kwa miguu, imefunikwa na miti pande zote mbili, na ukiifuata kutoka Finsbury Park utatembea muda mrefu ukasahau kuwa uko katikati ya mji mkubwa. Kwa kukosa treni, kitongoji hiki kimebaki na tabia ya mji mdogo unaojitegemea. Mgeni hapiti hapa kwa bahati. Lazima awe amekusudia kupanda.

Jina lenyewe latokana na kisima. Inasimuliwa kwamba hapo kale palikuwa na chemchemi iliyoota kuvumwani, na kwa Kiingereza cha zamani pakaitwa kwa sifa hiyo. Katika karne ya 12 ardhi ile ilipewa watawa wa kike wa Clerkenwell, na maji yakapata sifa ya kuponya. Wakristo wa zama zile wakawa wakipanda kilima kuyafuata, na hadithi yasema mfalme mmoja wa Waskoti aliponea hapo. Kisima hakipo tena. Kilichobaki ni jina, na jina hilo limepewa baa moja ya barabara kuu. Baa nyingine katika barabara hiyohiyo iliwekwa ndani ya jengo lililokuwa kanisa, na minara yake ya mawe bado imesimama. Mzee mmoja katika msafara wetu alilitazama jengo lile kwa muda, akatikisa kichwa, akasema kwamba afadhali wangeliuza kwa watu wanaotafuta mahali pa kusalia.

Nyumba za Muswell Hill ni za matofali mekundu, ghorofa mbili au tatu, zenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa na vioo vya rangi milangoni. Karibu zote zilijengwa kati ya mwaka 1896 na Vita Kuu ya Kwanza, nyingi kwa mkono wa wajenzi wawili, Edmondson na Collins, ndiyo maana zinafanana kama ndugu. Wakaazi wake wengi leo ni watu wenye uwezo. Tunasema hili wazi ili msomaji asije akadhani tulikwenda kumtafuta msanii katika mtaa wa dhiki. Hapa maduka yanauza jibini kwa bei inayomtisha mama wa watoto watano. Lakini hapa pia, pembeni mwa mitaa hiyo, zimo nyumba za halmashauri, na wamo wahamiaji waliofika kila mmoja na sababu yake.

Kutoka kwenye mzunguko wa mabasi tulitembea hadi Alexandra Palace. Hapo ndipo watoto walipofurahi, kwa kuwa London yote imelala chini yako kama jamvi lililokunjuliwa. Jumba hilo lilifunguliwa mwezi Mei 1873, likaungua baada ya siku 16 tu, likajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 1875. Liliungua mara nyingine mwaka 1980. Kutoka mnara wake, tarehe 2 Novemba 1936, BBC ilianza kurusha matangazo yake ya kila siku ya televisheni. Hayo yameandikwa kwenye vibao na kila mtoto wa shule ya hapa anayajua. Yasiyosemwa sana ni kwamba mwaka 1914 maelfu ya wakimbizi wa Ubelgiji walilazwa ndani ya kumbi zile, na walipoondoka, jumba likageuzwa kizuizi cha Wajerumani na Waaustria, raia wa kawaida tu, wengi wao wakiwa vinyozi, wapishi na waokaji mikate walioishi London miaka mingi mpaka vita vilipowafanya maadui kwa usiku mmoja. Tulikaa nyasini tukala sambusa zetu tukilitafakari hilo. Jumba moja, katika vita hivyohivyo, lilimpokea mgeni mmoja kwa blanketi na mwingine kwa kufuli.

Na sasa muziki. Kilima hiki kina historia yake katika nyimbo za Kiingereza, na ni vigumu kumwelewa Kiwanuka bila kuipitia japo kwa haraka. Katika barabara ya Fortis Green waliishi ndugu wawili, Ray na Dave Davies, waanzilishi wa bendi ya The Kinks, ambao mwaka 1971 walitoa albamu iliyolichukua jina la kitongoji, Muswell Hillbillies. Habari yake ni ya watu wa mitaa ya kazi waliobomolewa nyumba zao katikati ya mji wakahamishiwa viungani, wakawa wageni katika nchi yao wenyewe. Hatua chache tu katika mtaa huohuo palikuwa na nyumba ya daktari mmoja iliyoitwa Fairport. Vijana walikuwa wakikutana ghorofani kufanya mazoezi, na mwaka 1967 wakajiita Fairport Convention. Hao ndio waliochukua nyimbo za kale za vijijini, zilizokuwa zikiimbwa na wakulima na mabaharia, wakazipigia magitaa ya umeme. Albamu yao Liege & Lief ya mwaka 1969 ingali ikitajwa kila yanapozungumzwa mambo ya nyimbo za jadi za Uingereza. Hivyo basi, mtoto aliyezaliwa mwaka 1987 na kulelewa katika mitaa hii hakukulia mahali pakavu.

Wazazi wa Michael Kiwanuka waliikimbia Uganda wakati wa utawala wa Idi Amin, uliodumu toka 1971 mpaka 1979. Wasomaji wetu waliotoka Kampala, Jinja na Mbale, Waafrika kwa Waasia, hawahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Jina Kiwanuka lenyewe ni la Kiganda. Katika imani za kale za Waganda lilikuwa jina la mwenye radi na umeme. Ni jina kubwa nchini kwao. Benedicto Kiwanuka alikuwa kiongozi wa serikali kabla ya uhuru, kisha akawa Jaji Mkuu, na mwezi Septemba 1972 askari wakamchukua kutoka Mahakama Kuu mjini Kampala, asionekane tena. Hatusemi kuwa mwimbaji wetu ni wa ukoo huo. Tunasema tu kwamba mtu aliyeondoka Uganda katika miaka ile akiwa na jina hilo hakuwa akibeba jina jepesi.

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo sisi Waswahili hatupendi kulisikia. Kwa Waganda wengi wa zama zile, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, ya amri na ya mateke mlangoni. Kwa hiyo tunapomwita Kiwanuka "mtoto wetu", kama tulivyosikia wengi wakifanya mwaka 2012, tukumbuke kwamba wazazi wake huenda wangekuwa na maoni yao juu ya lugha tunayomwitia. Jirani hachagui kumbukumbu za jirani yake.

Kijana alisoma Fortismere, shule ya serikali iliyo hapahapa kilimani, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Westminster kusomea muziki. Amewaeleza waandishi mara nyingi jinsi alivyokuwa akipenda magitaa ya roki katika umri ambao kila mtu alitazamia mtoto mweusi wa London apende muziki mwingine, na jinsi kumwona Jimi Hendrix katika filamu ya televisheni kulivyomfungulia mlango: kumbe mtu mwenye nywele kama zake anaweza kuishika ala hii. Amesimulia pia kwamba alimsikia Otis Redding katika diski iliyotolewa bure na gazeti la muziki, na kilichomgusa kilikuwa ile sauti ya mtu aliye peke yake chumbani, ikizungumza kati ya kurekodi na kurekodi. Wasomaji wenye watoto wa miaka 15 watalielewa jambo hili. Huwezi kujua ni diski ipi ya bure itakayomgeuza mwanao.

Alianza kwa kukodiwa. Alipiga gitaa nyuma ya waimbaji wa rap wa London, kina Chipmunk na Bashy, akasimama mwenyewe jukwaani kwa mara ya kwanza alipokuwa na miaka 22, katika baa moja ya Kentish Town. Kampuni ndogo iitwayo Communion ikatoa nyimbo zake za mwanzo mwaka 2011, na mwaka huohuo Adele akamchukua kumfungulia maonyesho katika ziara yake. Mwezi Januari 2012 wahakiki na watangazaji wanaoulizwa na BBC kila mwaka nani atavuma walimtaja yeye wa kwanza. Ni orodha ileile iliyomtanguliza Adele mwaka 2008. Kwa kijana mpole ambaye nusu mwaka kabla yake alijulikana na wachache, huo ulikuwa mzigo mzito wa kutwishwa kabla albamu haijafika madukani.

Albamu ilirekodiwa katika kisiwa cha Wight, pwani ya kusini, katika chumba kilicho chini ya nyumba ya Paul Butler, mwanamuziki wa bendi ya The Bees. Butler aliisimamia kazi yote, na wawili hao walipiga ala nyingi kwa mikono yao. Zimo nyimbo 10. Wimbo wa kwanza, Tell Me a Tale, unaingia na filimbi na tarumbeta kama msafara unaopita mbele ya nyumba. Baada yake sauti zinapungua, na nyimbo nyingi zinabaki na gitaa la mkono, ngoma zilizopigwa taratibu na sauti ya mwimbaji ambayo ni nzito, yenye mikwaruzo kidogo, ikikaa karibu na sikio. Maneno ni machache na mepesi. Anaimba juu ya kungoja, juu ya wasiwasi unaomfuata mtu njiani, juu ya imani na juu ya kujiandaa kuipokea. Kiwanuka ni Mkristo, na husikii tashwishi ndani yake anapozungumza na Mola wake. Mama mmoja katika kundi letu alisema kwamba wimbo wa I'm Getting Ready ungeweza kuimbwa na mtu yeyote anayeamka kabla ya alfajiri.

Wimbo uliobeba jina la albamu ndio uliotupeleka kilimani. Mwimbaji anaimba juu ya nyumbani kama mahali anapotarajia kurudi siku moja, na hataji ni wapi. Si Kampala, si London. Tulipousikia mara ya kwanza tulidhani anakwepa. Tulipoishi nao tukaona kwamba mtoto aliyezaliwa ughaibuni hana namna nyingine ya kusema kweli. Sisi tulioondoka tukiwa watu wazima tunaposema "nyumbani" tunaona mlango, mwembe, na uso wa mtu. Watoto wetu wanaposema neno hilo wanaona nini? Tuliwauliza wale tuliokuwa nao, tukiwa tumekaa nyasini. Mmoja alisema kwa bibi Tanga, ambako amekwenda mara moja tu. Mwingine alitaja ngazi za jengo lao la Edmonton. Wa tatu, msichana wa miaka 13, alisema kwamba swali hili ni la watu wazima, akarudi kwenye simu yake.

Umma ulilipokea vipi jambo hili? Kwa uzuri mkubwa. Albamu iliingia ya 4 katika orodha ya mauzo ya Uingereza, ikateuliwa miongoni mwa zilizowania Tuzo ya Mercury ya mwaka huo, ambayo hatimaye ilikwenda kwa bendi ya Alt-J. Wahakiki walimlinganisha na Bill Withers, Otis Redding, Terry Callier, Van Morrison. Wengine, nao hawakukosea sana, walilalamika kwamba kazi ilikuwa safi mno na imegeuka nyuma mno, kwamba mtu aliyezaliwa mwaka 1987 anaimba kana kwamba mwaka 1972 haujaisha. Sisi tunaona kwamba nusu ya pili ya albamu inalegea. Kuna nyimbo mbili tatu ambazo ukitoka kwenda kutia chai ukirudi utazikuta palepale ulipoziacha. Lakini lawama ya kugeuka nyuma inatushangaza kidogo. Mtoto ambaye familia yake ilikatiwa njia ya nyuma kwa nguvu, akigeuka kutazama, si ajabu.

Jambo jingine lilitugusa zaidi. Katika maoni yote tuliyoyasoma wakati ule, hatukumwona mhakiki aliyeikumbuka Buganda. Huko ipo aina ya muziki iitwayo kadongo kamu, maana yake kigitaa kimoja: mtu mmoja, gitaa moja lisilo na umeme, na kisa. Fred Masagazi aliuvumisha tangu miaka ya 1960, Elly Wamala akaupamba, na Paulo Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, aliutumia kuimba juu ya mauti katika wimbo mrefu ambao Uganda nzima iliujua. Kiwanuka hakudai kamwe kwamba alitoka katika shule hiyo, na walimu anaowataja mwenyewe ni Wamarekani na Waingereza. Hata hivyo, mtu anayemsikiliza Kafeero kisha akamsikiliza Kiwanuka akiwa peke yake na gitaa atapata la kufikiri. Waandishi wa London walisafiri mpaka Memphis na Chicago kumtafutia ukoo, wakaacha kuuliza mlango wa pili ndani ya nyumba yake.

Yaliyofuata tutayapitia upesi. Kanye West alimwita Hawaii kushiriki katika kurekodi, naye akaondoka kabla ya wakati, maana hakuona kazi yake pale ni ipi. Ilipita miaka minne kabla ya albamu ya pili, Love & Hate, ya mwaka 2016, iliyoshika nafasi ya 1; humo ndimo alimosema wazi habari ya kuwa mtu mweusi katika dunia ya weupe, ambayo albamu ya kwanza iliizunguka kwa adabu. Wimbo wake mmoja ukawa utangulizi wa tamthilia ya televisheni ya Marekani mwaka 2017, na watu wasiomjua wakaijua sauti. Albamu ya tatu ilitoka Novemba 2019. Hii aliiita Kiwanuka, neno moja tu, na mwezi Septemba 2020 ikapata ile Tuzo ya Mercury iliyoipita ya kwanza. Ya nne, Small Changes, ilifuata mwaka 2024.

Hilo la jina halikuwa dogo. Alieleza kwamba alipotia saini mkataba wake wa mwanzo watu walimuuliza atajiitaje, kana kwamba jina alilopewa na baba yake lilikuwa nguo ya nyumbani isiyofaa kutokea nayo. Alikuwa amekua akiona watu wakilikwaa jina hilo midomoni mwao. Kila mzazi anayesoma ukurasa huu amepata kuketi katika ofisi au hospitali akisubiri mwanawe aitwe, akamwona karani akiitazama karatasi, akikunja uso, akianza silabi ya kwanza na kuiacha. Watoto wetu wanajifunza kuinuka kabla jina halijamalizika ili kumsaidia karani. Wangapi kati yao wameshajipachika Sam na Mo na Kat? Kiwanuka aliliandika lake kwenye jalada, herufi zote, likauzwa madukani.

Tulipotoka kwenye bustani ya jumba tulishuka upande wa magharibi, tukapita karibu na shule yake, tukaukata msitu mdogo wa Coldfall ambao miti yake ya mialoni ni ya kale kuliko nyumba zote za pale, tukatokea barabara ya Coppetts. Kutoka shuleni hadi hapo ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Hapa ndipo tulipowaomba wasiosikiliza gitaa watusubiri.

Barabara hii ilikuwa na kituo cha ndugu zetu wa Barawa. Kwa vijana wetu wasiojua: Barawa ni mji wa kale wa pwani ya Banadiri, kusini mwa Mogadishu, na watu wake husema Chimiini, ambayo ni ndugu wa damu wa Kiswahili cha Lamu, cha Mombasa na cha Unguja. Vita vilipoingia mwaka 1991, Wabarawa, watu wa biashara, ufundi na elimu, wasio na bunduki, waliporwa na kila kundi lililopita. Wengi walikimbia kwa majahazi hadi Mombasa, wakakaa makambini, kisha wakatawanyika. Waliofika London walikusanyika zaidi katika wilaya hii ya Barnet. Kituo chao cha Coppetts kilikuwa mahali pa kusalia, pa watoto kufundishwa Qurani na masomo ya shule baada ya saa za darasa, na pa wazee kuzungumza lugha ambayo haina mji mwingine duniani.

Kabla ya alfajiri ya tarehe 5 Juni 2013, majuma mawili baada ya mauaji ya askari huko Woolwich, kituo kilichomwa moto. Ukutani zilikutwa herufi za kundi lenye chuki dhidi ya Waislamu. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi, ila jengo liliteketea. Mwezi uliofuata ulikuwa Ramadhani. Waliofungua milango yao ili Wabarawa wapate pa kufuturia na kusalia walikuwemo Mayahudi wa sinagogi ya Finchley, majirani wa karibu, na urafiki ule haukuishia mwaka huo. Baadhi ya wasomaji wetu walikuwepo katika futari hizo na watatusahihisha kama tumepunguza sifa.

Wabarawa wana nyimbo zao pia. Huziita steenzi, tenzi za Kiislamu kwa Chimiini, na hodari wao mashuhuri alikuwa mwanamke, Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919 akiwa bibi mzee sana. Utenzi aliotunga wakati wa kifo cha Sheikh Nurein Ahmad Sabir mwaka 1909 bado unakaririwa na kina mama kwa moyo, kizazi baada ya kizazi, bila gitaa wala santuri, na umevuka mpaka huku. Hakuna mhakiki aliyewahi kuupa nyota. Tunajiuliza kama kijana wa Kiganda, akienda shule na gitaa lake begani katika miaka ya 2000, hakupata kupita chini ya dirisha ambalo ndani yake mama fulani alikuwa akiuimba huku akipepeta mchele. Umbali ulikuwa mdogo kiasi hicho.

Watoto walituuliza kwa nini tumesimama mahali pasipo na cha kutazama. Tuliwaeleza yote hayo, na yule msichana wa miaka 13 aliitia simu mfukoni. Aliuliza kama Wabarawa wangali wakisema Chimiini majumbani. Wazee wanasema, tulimjibu, na vijana wanaelewa lakini wanajibu kwa Kiingereza. Akacheka, maana hata mazungumzo hayo alikuwa akiyafanya kwa namna hiyohiyo: sisi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza.

Wanaotaka kwenda wao wenyewe wachukue treni ya chini ya ardhi hadi Finsbury Park, kisha basi W7 mpaka mwisho wa safari. Watoto wadogo hawalipi basi. Chagueni siku isiyo na mvua, kwani kilimani upepo haukatiki hata mwezi Julai. Bustani ya Alexandra ina nafasi ya kutosha ya kuswali adhuhuri, na nyasi zake upande wa mashariki ni kavu zaidi. Wakati wa kurudi, pandeni ghorofa ya juu ya basi na mkae viti vya mbele kabisa. Linapoanza kuteremka kuelekea Crouch End mji wote unafunguka mbele yenu, na watoto hupiga kelele.